Ukivuka Kijito, Niite Madam

Kinole, alasiri

Mwanangu Mwanaidi,

Mama Mwanaidi wa Kinole anasikitika kutangaza kwamba yule tetea mwekundu asiye na adabu, baada ya kulikataa banda alilojengewa, kapu aliloandaliwa na gunia alilotandikiwa, leo saa saba mchana ameingia chumbani na kutaga yai moja ndani ya begi lako jipya la safari, juu ya sketi ya bluu iliyokwisha kupigwa pasi. Yai ni zima. Sketi si ya kuvaliwa. Habari ziwafikie baba wa msafiri popote alipo huko kwenye migomba, bibi wa msafiri kule juu, na msafiri mwenyewe, ambaye aliambiwa na mama yake mara tatu afunge zipu.

Baba yako amelipokea tangazo hili kwa furaha. Anasema ni baraka, kuku akitaga kwenye mzigo wa msafiri, msafiri hatalala njaa. Nikamuuliza hiyo ni mila ya wapi, maana mimi nimezaliwa mlima huu huu na sijawahi kuisikia. Akasema, "Mama Mwanaidi, kila mila ilianzia mahali." Kisha akalichukua yai la baraka akaenda kulikaanga.

Sketi nimeifua. Kwa kuwa mvua haitaki kukatika, nimeianika juu ya jiko, kwa hiyo utaingia shule yako mpya ya Gairo ukinukia kama samaki wa kukaushwa. Watajua umetoka kwa watu.

Nimekaa kwenye meza ya jikoni, ile yenye mguu mmoja uliowekewa kigae. Wewe umepanda kumuaga bibi yako, na najua hutashuka kabla ya magharibi, kwa sababu bibi yako hawezi kumuaga mtu ambaye hajamlisha. Nina muda, basi. Nguvu ndiyo sina. Magoti yangu yameanza kuuhesabu huu mteremko, na leo nimesahihisha madaftari ya darasa zima kwa macho yanayotaka kufumba. Nimechoka uchovu ule usioisha kwa kulala. Lakini kesho asubuhi unaondoka, na kuna jambo nimelibeba miaka kumi na minne nikilipitisha bega hili na bega lile. Sitaki usafiri nalo wewe.

Sitakuandikia habari za maji ya Gairo, wala upepo wake, wala namna ya kukaa na mwenye nyumba. Shangazi yako amekwisha kukupigia simu mpaka chaji ikaisha. Mimi nami nilipoanza kazi nilipewa mausia ya aina hiyo mpaka yakafurika, na nilichokuja kukosea hakikuwemo hata kimoja.

Nataka tuzungumze Kiingereza. Usikunje uso, nakuona.

Juzi ulipokuwa unamsaidia baba yako kuanika iliki, mlidhani nimeshuka kisimani. Nilikuwa nyuma ya ukuta nafunga mbuzi. Ndiyo, nilisikiliza. Mwalimu wa miaka mingi hawezi kupita nyuma ya ukuta wenye sauti bila kusimama, ni ugonjwa wa kazi.

"Wamekupa somo gani huko?" baba yako aliuliza.

"Kiingereza. Darasa la tano."

"Somo la mama yako! Hapo umerithi shamba limeshalimwa."

"Nikifika nitamwomba mwalimu mkuu anibadilishie, baba. Hata Sayansi. Hata Michezo nitafundisha."

"Michezo? Wewe? Unayekimbizwa na bata?" Alicheka, halafu akaacha. "Kwani Kiingereza hukijui?"

"Kukijua nakijua. Kukisema mbele za watu ndiyo sitaki."

"Watoto wa darasa la tano nao ni watu wa kuogopa?"

Nilisikia ungo tu unavyopepetwa, kwa nguvu zaidi ya iliki zilivyohitaji. Baba yako, ambaye Kiingereza chake chote ni "no problem" na anakitumia hata kwenye tatizo, hakuelewa. Mimi nilielewa. Nilibaki pale na kamba mkononi mpaka mbuzi akajiondokea.

Sasa nikuambie jinsi nilivyokuwa mwalimu wa Kiingereza, maana wengi wanadhani nilikichagua. Nilikuja hapa kufundisha Hisabati. Mwaka wa pili mwalimu wa Kiingereza akahamishwa, na mwalimu mkuu akaingia ofisini kutafuta mrithi. Walimu wote tukainama kwenye madaftari kama kuku walioona mwewe. Mimi kwa bahati mbaya nilipiga chafya. Akasema, "Asante, Mwalimu, kwa kujitolea."

Nikafundisha nilivyofundishwa. Mwalimu wangu mwenyewe, nilipokuwa mtoto, alituambia kitendo kilichopita kwa Kiingereza kinaishia na "edi", nasi tukaamini, kwa sababu jicho linaona herufi mbili na mdomo wetu hauna sababu ya kuzikataa. Wash ikawa washedi. Cook ikawa cookedi. Nikaongeza na ujuzi wangu, nikaweka kofi. Unakumbuka. Mtoto anasimama, anasema sentensi yake, na darasa zima linammalizia, "edi!" na kofi moja, pa! Lilikuwa darasa tamu kulisikia kutoka mbali. Akina mama waliokuwa wakipita na mikungu ya ndizi kichwani walikuwa wanaitikia kutoka barabarani. Bibi yako alikuwa akipepeta mchele anasema "edi, edi" kila ungo unaporuka. Nilikuwa nimeufundisha mlima.

Nilipoanza kukufundisha na wewe, darasa la nne, tukawekeana ile sheria yetu. Ukumbusho huu si kwa ajili yako, ni kwa ajili yangu, nataka niuone umeandikwa. Kati ya nyumba yetu na shule kuna kijito. Upande wa huku mimi ni Mama. Ukivuka, ukifika upande wa shule, mimi ni Madam, na wewe ni mwanafunzi kama wengine, hupendelewi na huonewi. Jioni tukivuka kurudi, Madam anabaki ng'ambo na madaftari yake, Mama anarudi kupika. Ulikuwa ukiruka lile jiwe la katikati unasema, "Mama, Mama, Mama," kisha mguu ukigusa upande wa pili, "Shikamoo, Madam!" Nami najibu "Marahaba" kwa sauti nzito, kama vile hatukulala nyumba moja. Tulijiona wajanja sana.

Haya. Kile kisa chetu maarufu unakijua. Kila mtu anakijua. Nimekisimulia kwenye harusi ya shangazi yako mdogo, nimekisimulia siku ya kumuaga mwalimu mkuu alipostaafu, nimekisimulia msibani mara moja baada ya arobaini, na hata pale watu walicheka. Kinakwenda hivi. Walikuja wageni shuleni kutazama ufundishaji. Mimi nafundisha edi zangu na makofi yangu. Mwanangu mwenyewe akasimama akatamka neno kwa namna ya ajabu, bila edi, labda alilisikia redioni. Nami nikamrekebisha mbele ya wageni, najiamini kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia huku yeye mwenyewe amepotea tangu asubuhi. Halafu, mwezi uliofuata, nikaitwa semina mjini. Kumbe mtoto alikuwa sahihi! Nikarudi mbio, nikasimama mbele ya darasa nikasema, "Wanangu, Madam alikosea."

Hapo watu hupiga makofi. Husema, "Mwalimu huyu ana moyo. Wangapi wanaweza kukiri?" Na mimi huinamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikiwa na sahani ya pilau mkononi.

Nimegundua jambo, ingawa imenichukua miaka. Kila nikianza kukisimulia, wewe huwa una kitu cha kwenda kukiangalia jikoni.

Semina yenyewe ilikuwa ya kweli. Siku tatu, mjini, kwenye ukumbi mmoja upande wa Kilakala. Nilishuka na viatu vya kuazima vilivyonibana mpaka nikawa nasikiliza kwa vidole vya miguu. Mwezeshaji alikuwa binti mdogo, wa umri wako wa sasa, anayezungumza taratibu, bila kutisha mtu. Akatuambia tuweke vidole kooni. Fikiria walimu watu wazima karibu arobaini, wengine na mvi, tumeshika makoo kama waliomeza mwiba mmoja kwa pamoja. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akaninong'oneza, "Mwenzangu, la kwangu halitetemeki kabisa. Au nimekufa?"

Yule binti akatuonyesha kwamba herufi ni zile zile lakini sauti ni tatu. Koo likizima, yaani likiacha kutetemeka, mwishoni mwa neno, kama kwenye wash na cook, unafunga kwa t ndogo kavu. Koo likiwa bado linawaka, kama kwenye play na clean, unafunga kwa d laini. Na ni yale tu yaliyokwisha kuwa na t au d mwishoni, kama want, ndiyo yanahitaji kuongezewa sauti nzima. Dakika kumi, Mwanaidi. Jambo zima lilichukua dakika kumi. Mimi nilikuwa nimelifundisha kinyume miaka kumi na moja, kwa makofi.

Wenzangu walicheka, wakajaribu, wakacheka tena. Mimi nilikwenda nje kwenye bomba nikanywa maji ambayo sikuyahitaji. Nilikuwa nawaona watoto wangu wote, waliokwisha kwenda sekondari, walioko gereji, waliokwisha kuolewa, wote wamesimama mahali fulani wanasema edi kwa sababu yangu. Nilitamani nisingalijua. Hilo nalo ni kosa, lakini si lile ninalokuandikia.

Huko Gairo utawakuta watoto wanaosema edi. Usidhani ni wajinga na usidhani mwalimu wao ni mjinga, au mdhanie kidogo tu, kwa ajili ya heshima yangu. Maneno yetu yote yanaishia mdomo ukiwa wazi. Bibi yako nilipomweleza alishangaa kweli kweli. "Yaani wenzetu wanafunga neno kabla halijatoka?" "Ndiyo, mama." "Na linafika?" "Linafika." "Basi wana bahati, sisi hata tukiacha mlango wazi mengine hayafiki." Mtoto ukimwambia afunge neno, unamwambia afunge mlango ambao kwao haujawahi kuwekwa. Atauacha wazi mara mia. Mimi siku hizi sipigi makofi tena. Nawapanga wawili wawili, mmoja anaweka mkono kooni mwa mwenzake na kusema linawaka au limezima. Darasa linakuwa na kelele, linanuka mikono ya watoto, na mwalimu mkuu tuliye naye sasa hupitisha kichwa dirishani kuuliza kama kuna ugomvi. Wanajifunza. Si wote. Wale wa nyuma bado wananiambia edi na kunitazama usoni waone kama leo nimechoka kiasi cha kuwaachia. Kuna siku nawaachia.

Sikuombi ukafundishe Kiingereza. Nimelifikiria hili tangu juzi, nikapanda nalo mlima na kushuka nalo. Ukitaka Sayansi, omba Sayansi. Ukitaka Michezo, Mungu awasaidie watoto wa Gairo. Ila usiombe kabla hujasoma ukurasa unaofuata, kwa sababu nadhani unaowakimbia sio watoto wa darasa la tano. Nadhani unamkimbia mtu mmoja aliyesimama mbele ya ubao akiwa na chaki, na mtu huyo anafahamika.

Nimesimama kidogo kwenda kugeuza sketi. Upande mmoja umekauka. Baba yako amepita akaniuliza naandika nini kirefu hivi, nikamwambia mausia. Akasema, "Mwandikie na la mayai." Nimemwandikia.

Sasa, Mwanaidi, ilivyokuwa.

Semina haikuja mwezi uliofuata. Semina ilitangulia. Nilirudi kutoka mjini Ijumaa, na wageni walikuja Jumanne.

Ijumaa ile jioni nilikuwa hapa hapa jikoni, nimevua viatu vya watu, nakoroga chungu na kujaribu maneno yangu peke yangu, mkono kooni. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda unamenya ndizi. Ulikuwa na miaka kumi. Ukaniuliza, "Mama, koo linauma?" Nikasema, "Njoo uweke mkono hapa." Ukaja na mkono wenye utomvu ukauweka. Nikasema washed. Ukasema, "Limezima!" Nikasema played. Ukasema, "Linawaka, Mama, linawaka kama redio!" Tukacheza hivyo mpaka ndizi zikaungua. Jumamosi tukaendelea, kisimani, kwenye migomba, kila kitu tulichokifanya tukakisema kwa wakati uliopita. Jumapili ulinishinda, ulikuwa unayafunga maneno vizuri kuliko yule binti wa semina. Sijawahi kufundisha vizuri kama siku zile mbili na nusu, na darasa lilikuwa la mtoto mmoja.

Nilijua wageni wanakuja. Nilijua pia kwamba sitabadilisha kitu mbele yao. Mwalimu mkuu alikuwa amewasifia lile darasa la makofi, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa edi tangu ujana wake. Nikaona nikianza na jipya siku hiyo, wataniuliza, "Na hao wengine wote uliowafundisha?" Nikajiambia, wageni wakiondoka nitaanza. Nilipaswa kukuambia usiyaseme yetu shuleni kwanza. Nilifungua mdomo Jumatatu usiku nikuambie, nikashindwa, kwa sababu niliona aibu kumwambia mtoto afiche jambo lililo sahihi. Aibu ile ilikuwa ya maana, ila ilikuja mahali pasipo pake. Ningekuambia, ungenyamaza, na leo tungekuwa tunacheka.

Jumanne tukavuka kijito. "Shikamoo, Madam." "Marahaba."

Wageni walikaa nyuma, wawili, pamoja na mwalimu mkuu. Watoto watatu wa kwanza walikwenda vizuri, edi na makofi, mgeni mmoja akatabasamu. Ukanyoosha mkono. Ulikuwa unanyoosha mpaka unainuka kwenye dawati. Nikamchagua mwingine. Ukaendelea kunyoosha. Nikakuchagua, kwa sababu mwalimu mkuu alisema kutoka nyuma, "Yule pale, Madam, anataka sana."

Ukasema, "Yesterday my mother washed the clothes." Ukalifunga neno lile vizuri kabisa, t ndogo kavu. Na ukanitazama. Ulikuwa unaniletea zawadi.

Wenzako walisubiri edi ili wapige kofi, edi haikuja. Makofi yakapigwa ovyo, moja hapa moja pale, halafu wakaanza kucheka. Mwalimu mkuu akainua uso kutoka kwenye karatasi zake. Nami nikakuuliza, kwa ile sauti ya ng'ambo ya kijito:

"Nani amekufundisha kusema hivyo?"

Uliniangalia ukidhani natania.

"Nimekuuliza, Mwanaidi. Nani amekufundisha?"

Nililiona likiingia ndani yako. Mtoto wa miaka kumi, ukaangalia wageni, ukaangalia mwalimu mkuu, ukaniangalia mimi, ukaelewa kila kitu. Ukasema, "Hakuna mtu, Madam."

Ulinificha. Mimi mtu mzima, mwenye cheti, nikakubali kufichwa. Nikawaambia wenzako, "Haya, msaidieni," na darasa zima wakakugeukia, washedi, pa! Mara tatu. Kisha nikakuambia useme wewe. Ukasema washedi. Kofi hukupiga. Mgeni akaandika kitu. Baadaye mwalimu mkuu alinipongeza kwa kutompendelea mwanangu.

Jioni tulirudi wawili. Hukuruka lile jiwe, ulipita majini na viatu. Tulipofika upande wetu nikasubiri uniite, hukuniita. Nikasema, "Tumeshavuka."

Ukasema, "Ndiyo, Madam."

Uliniita hivyo mpaka Ijumaa, kwenye chakula, kwenye kuchota maji. Baba yako alidhani ni mchezo, akaanza na yeye kuniita Madam, akacheka peke yake. Kisha asubuhi moja ukaamka na homa, ukaniita Mama, nikashukuru nikadhani yamekwisha. Hayakwisha. Tangu siku ile hukunyoosha tena mkono kwenye somo langu. Uliandika vizuri, uliongoza mitihani, na mdomo ukaufunga. Niliona. Kila siku niliona, nikawa napita dawati lako naangalia daftari.

Na ile hotuba ya "Wanangu, Madam alikosea"? Haikuwepo. Nilisubiri muhula mzima upite, kisha nikaingia darasani nikawaambia kwamba Waingereza wamebadilisha. Ndivyo nilivyosema, mwanangu. Kwamba wamekaa wakaona edi ni ndefu, wameifupisha, taarifa imefika. Watoto waliandika. Wewe hukuandika, ulikuwa unatazama nje dirishani.

Halafu nikaanza kusimulia kisa kwa watu, nikakipanga upya, semina nikaiweka nyuma, redio nikaiingiza. Kilivyozidi kuchekesha ndivyo nilivyozidi kukiamini. Mtu mmoja tu duniani alijua mpangilio wa siku zile, na alikuwa jikoni anaangalia maharage ambayo hayakuwa yameungua.

Nasikia mbwa wa jirani anabweka, nadhani unashuka. Nitaiweka barua hii chini ya sketi na kufunga zipu mwenyewe.

Swali nililokuuliza siku ile ulilijibu wewe kwa sababu mimi nilishindwa. Lilikuwa na jibu moja, nalo si lile ulilolitoa. Nani alikufundisha? Ni mimi. Ni mama yako, siku ya Ijumaa, jikoni, upande wa huku wa kijito, na mkono wako ukiwa kooni mwangu.